Mchele wa Kyela ni wa nani? Daftari, TIN na jina lililo kwenye mfuko wako

Najua niliahidi kuendelea na kakao wiki hii. Naomba radhi, kakao itasubiri kidogo, maana kuna jambo limetokea hapa kwetu na nimeona nikilinyamazia nitakuwa sijawatendea haki.

Kuna mama mmoja hapa kwetu, jina nalihifadhi. Nimefanya naye kazi tangu alipokuwa na nusu eka ya mpunga na malalamiko mengi. Siku hizi analima, ananunua mpunga wa majirani, anakoboa, anapepeta na kuondoa chenga, kisha anafungasha mifuko ya kilo 5 na kilo 25 na kuipakia kwenye basi la Mbeya. Mfuko wake una picha ya mtumbwi na jina alilolitunga mwenyewe kutokana na jina la marehemu bibi yake. Chini yake kumeandikwa "Mchele Safi wa Kyela". Kazi nzuri, mfuko unavutia, na mchele wenyewe ukipikwa nyumba ya tatu wanajua.

Sasa basi, mwezi wa nane akapigiwa simu na mteja wake wa Mbeya. "Mama, mchele wako siku hizi umekuwaje? Haunukii, unashikana kama ugali." Mama akashangaa, kwa sababu mtaa ule hakuwa amepeleka mzigo kwa muda wa miezi miwili. Akapanda gari mwenyewe, akafika dukani, akakuta mifuko. Mtumbwi ni ule ule. Jina ni lile lile, ila wameongeza herufi moja mwishoni. Ndani kuna mchele wa mchanganyiko ambao hata kuku wa hapa Ngana wangeutilia shaka.

Akaja ofisini kwangu na cheti kimefungwa kwenye nailoni. "Bwana shamba, mimi si nimesajiliwa? Hiki hapa cha BRELA. Kwa nini hawa hawakamatwi?"

Nilikisoma. Kilikuwa cheti cha jina la biashara. Hapo ndipo ilipo shida, na ndiyo sababu ya makala hii.

Ndugu zangu, watu wengi wanadhani karatasi zote zinafanya kazi moja. Hapana. Jina la biashara ni la kukutambulisha wewe kwa serikali, kwa benki na kwa wateja: kwamba fulani bin fulani anafanya biashara akitumia jina hili. Linasajiliwa BRELA, kwa mtandao, unahitaji namba ya NIDA, na ada yake haifikii bei ya gunia moja la mpunga. Ni kitu kizuri, fanyeni. Lakini halikupi haki ya kumzuia mtu mwingine asibandike jina hilo kwenye mfuko wake wa mchele.

Kinachokupa haki hiyo kinaitwa alama ya biashara. Nayo inasajiliwa BRELA hiyo hiyo, lakini ni maombi mengine, kwa sheria nyingine, ile ya Alama za Biashara na Huduma ya mwaka 1986. Alama inaweza kuwa neno, picha, au vyote viwili kwa pamoja, kama ule mtumbwi na jina la bibi. Ukiomba, msajili anaangalia kama inafanana na ya mtu aliyetangulia. Akiridhika, inatangazwa kwenye jarida lao na watu wanapewa siku 60 za kupinga. Asipojitokeza mtu, unapewa cheti. Usajili wa kwanza unadumu miaka 7, halafu unahuisha kila baada ya miaka 10. Ada zake zinalipwa kwa hatua na kwa jumla ni kubwa kuliko za jina la biashara, lakini si yale mamilioni ambayo kuna watu wanajiita mawakala wanawatajia huko mitaani. Kabla hujampa mtu hela, ingia kwenye mtandao wa BRELA uone ada iliyoandikwa pale.

Jambo moja dogo ambalo lingemgharimu mama yetu: maombi yanafanywa kwa madaraja ya bidhaa. Mchele uko daraja la 30. Mpunga ambao haujakobolewa uko daraja la 31. Yeye kijana wa stesheneri alishamjazia 31, kwa kuwa kaona ni "zao la shamba". Angelipia, angepewa cheti kinacholinda mpunga wakati yeye anauza mchele! Kwa wale wa mawese, mafuta ya kula ni daraja la 29, na sabuni mnayopika kwa mawese hayo hayo ni daraja la 3. Ukitaka jina lako lilinde vyote viwili, unaomba madaraja yote mawili na unalipia yote.

Na hapo hapo kwenye stesheneri. Kijana aliyekuchorea ule mtumbwi ni msanii, na kazi ya sanaa ina hakimiliki yake. Mwandikiane hata nusu karatasi, na mashahidi wawili, kwamba amelipwa na mchoro ni mali yako. Nimeshaona mchoro mmoja ukiuzwa kwa wafanyabiashara watatu, kila mmoja akijua ni wake. Na tafadhali, wale mnaoweka picha za wachezaji wa Simba na Yanga kwenye mifuko ya mchele, acheni. Siku klabu au mchezaji akiamka, mifuko yote mtawashia jiko.

Turudi kwenye lile swali alilouliza mama baada ya kuelewa hayo. "Sawa, basi nisajili 'Mchele wa Kyela' niwe wa kwanza, wengine wote waniombe ruhusa." Nilicheka, lakini swali si la kijinga. Mpaka leo nalifikiria.

Jibu fupi ni kwamba hawezi. Alama ya biashara kazi yake ni kutofautisha bidhaa yako na ya jirani yako. "Mchele wa Kyela" haimtofautishi mtu, inataja tu aina ya kitu na mahali kilipotoka. Mimi nikiuza, nauza mchele wa Kyela. Wewe ukiuza, unauza mchele wa Kyela. Huwezi kulifungia jina la wilaya kabatini kwako. Ndiyo maana hata kwenye mfuko wa mama, kinachosajiliwa ni jina la bibi na mtumbwi, na yale maneno ya chini yanabaki ni maelezo ambayo kila mkulima wa kweli wa Kyela anaruhusiwa kuyatumia.

Tatizo ni huyo asiye wa kweli. Nenda soko lolote kubwa nchini, utakuta kibao "Kyela", "Kyela super", "Kyela grade one". Ukiulizia huo mchele umetoka wapi, muuzaji anaangalia pembeni. Kama kila gunia linaloitwa Kyela lingekuwa limetoka bonde hili la kati ya milima ya Livingstone na mto Songwe, sisi tusingekuwa na mahali pa kujenga nyumba, tungelala juu ya majaruba.

Duniani kuna njia ya kulinda majina ya namna hii, inaitwa kiashiria cha kijiografia. Maana yake: jina la mahali linalindwa kwa ajili ya wazalishaji wote wa mahali pale, ilimradi bidhaa ina sifa zinazotokana na udongo wa pale, hali ya hewa au ujuzi wa watu wake. Kule Kameruni pilipili ya Penja ilisajiliwa hivyo mwaka 2013, pamoja na asali nyeupe ya Oku. Wazalishaji wakawa na chama chao, wakakubaliana mipaka ya eneo na namna ya kulima na kuvuna, na asiyefuata haruhusiwi kutumia jina. Zanzibar nao wana sheria ya mali za viwanda, Namba 4 ya mwaka 2008, ambayo inatambua viashiria vya kijiografia. Huku Bara, mpaka naandika hapa, tunategemea sheria ya alama za biashara, hatuna sheria mahsusi ya jambo hili.

Wahabeshi walipita njia nyingine kabisa. Mwaka 2005 serikali ya Ethiopia iliomba kusajili kule Marekani majina ya kahawa zao, Yirgacheffe, Harar na Sidamo, kama alama za biashara zinazomilikiwa na nchi. Waliona wakulima wao ni wengi mno na wametawanyika, hawawezi kumkagua kila mmoja kama kiashiria cha kijiografia kinavyotaka. Chama cha wafanyabiashara wa kahawa wa Marekani kikapinga Harar na Sidamo, hoja yao ikiwa hii hii niliyomwambia mama, kwamba hayo ni majina tu ya kueleza kahawa inatoka wapi. Mvutano ukawa mkubwa, kampuni ya Starbucks nayo ikawa ndani yake, na mwaka 2007 Ethiopia na kampuni hiyo wakafikia makubaliano kuhusu matumizi ya majina hayo. Kwa hiyo si kwamba haiwezekani. Ila aliyesimama ni serikali ya nchi nzima, na kazi haikuwa ya siku moja.

Mimi mtazamo wangu, na hapa nasema kama bwana shamba si kama mwanasheria, ni kwamba hata tukipata sheria kesho asubuhi, Kyela hatuko tayari. Kwa sababu sisi wenyewe tunachanganya. Msijifanye hamjui. Mpunga wa mbegu za kienyeji zinazonukia unaanikwa turubai moja na SARO 5, unakobolewa pamoja, unaitwa Kyela. SARO ni mbegu nzuri, inazaa, mimi mwenyewe naihimiza, lakini kila mpunga uwe na gunia lake. Mlinzi wa kwanza wa jina ni turubai lako.

Sasa nije kwenye kodi, kwa kuwa huku ndiko shida ilikoanzia.

Nilimuuliza mama, "Miaka mitatu yote hii una mfuko mzuri, kwa nini hukusajili alama?" Akaangalia chini. Akasema, "Mwanangu, niliogopa. Nikijiandikisha sana TRA watanijua." Na najua si yeye peke yake. Hofu hiyo ipo kwa kila anayefungasha mchele, anayesindika mawese, anayeuza karanga za kukaanga pale Kasumulu mpakani. Watu wanajificha wasijulikane, halafu siku wameibiwa jina wanagundua kwamba mtu asiyejulikana hana pa kulalamikia.

Tupige hesabu badala ya kuogopa. TIN yenyewe inatolewa bure. (Wale vijana wa bodaboda, ile TIN mliyochukua kwa ajili ya leseni ya udereva si ya biashara, msichanganye.) Mfanyabiashara mdogo ambaye ni mtu binafsi anatozwa kodi ya makadirio kwa kuangalia mauzo ghafi ya mwaka. Narudia, mauzo, si faida. Mama aliniambia "faida yangu haifiki hata milioni mbili", nikamwambia hilo jedwali haliulizi faida.

Jedwali ambalo nimekuwa nikilifundisha kwenye vikundi liko hivi. Mauzo yasiyozidi shilingi milioni 4 kwa mwaka, kodi hakuna. Yakizidi milioni 4 mpaka 7, kama huna kumbukumbu unalipa shilingi 100,000. Kama unazo, unalipa asilimia 3 ya kile kilichozidi milioni 4. Yakizidi milioni 7 mpaka 11, asiye na kumbukumbu analipa 250,000, na mwenye kumbukumbu analipa 90,000 jumlisha asilimia 3 ya kilichozidi milioni 7. Ukivuka milioni 11 hesabu inabadilika, na hapo ongea na ofisa wa TRA mapema, pamoja na suala la mashine ya risiti. Kumbukeni pia kwamba Sheria ya Fedha hupitishwa kila mwaka wa bajeti, kwa hiyo kila Julai ulizeni kama kuna kilichobadilika.

Tulikaa na mama tukaokoteza risiti, miamala ya simu na kumbukumbu za kichwani. Mauzo yake ya mwaka yalikuwa kama milioni 9. Bila kumbukumbu, 250,000. Akiwa na kumbukumbu: 90,000, jumlisha asilimia 3 ya milioni 2, yaani 60,000. Jumla 150,000. Tofauti ni laki moja kamili. Daftari la kurasa 200 linauzwa bei gani pale Kyela mjini? Na hiyo 150,000 hulipi kwa mkupuo, inagawanywa kwa awamu nne za mwaka, yaani 37,500 kila awamu. Mama alinyamaza kidogo, akasema, "Ndiyo hiyo tu niliyokuwa naikimbia?"

Ndiyo hiyo. Ndaga fijo, tuendelee.

Daftari lenyewe lisiwe la kutisha. Tarehe, umemuuzia nani, kilo ngapi, shilingi ngapi, amelipa taslimu au kwa simu. Upande wa pili, umenunua nini: mpunga, mifuko, kukoboa, nauli ya basi. Andika siku hiyo hiyo jioni, si Jumapili kwa kukumbuka. Stakabadhi tia kwenye bahasha ya mwezi husika. Na jambo ambalo lilitusumbua sana: laini ya simu. Kwenye simu ya mama kulikuwa na hela za mauzo, hela za kikoba, na hela ya ada ambayo mwanawe wa Dar alituma kwa ajili ya mdogo wake. Kwenye taarifa ya miamala zote zinaonekana zimeingia. Utamweleza nani ipi ni ipi? Tenga laini ya biashara. Laini ya pili ni rahisi kuliko ubishi.

Tahadhari kwa vijana mnaoshauriwa kufungua kampuni ili "muonekane wakubwa". Jedwali hilo ni la watu binafsi. Ukisajili kampuni umetoka humo. Kampuni inatozwa kodi kwa faida, asilimia 30, inatakiwa iwe na hesabu zilizoandaliwa na mhasibu, na inapeleka ritani BRELA kila mwaka hata kama haijauza kilo moja. Kama unauza mifuko 40 kwa mwezi, jina la biashara linakutosha kabisa.

Kuhusu ushuru wa mazao nitasema kidogo tu, maana tuliwahi kulijadili. Huo ni wa halmashauri, si wa TRA, na kisheria mlipaji ni mnunuzi wa mazao, si mkulima anayeuza. Kwenye bajeti ya mwaka 2017/18 ulishushwa kutoka asilimia 5 hadi 3 kwa mazao ya biashara na 2 kwa mazao ya chakula, na anayesafirisha mzigo usiofika tani moja kutoka halmashauri moja kwenda nyingine akaondolewa. Sasa mama anaponunua mpunga wa jirani, hapo yeye ndiye mnunuzi, adai risiti na aitunze. Mzigo wa mifuko 20 ya kilo 25 ni nusu tani, ajue haki yake pale kwenye kizuizi na aongee kwa adabu. Kakao ni habari nyingine, ile inapita AMCOS na mnada, makato yanaonekana kwenye karatasi ya malipo. Isome, usiikunje tu na kuitia mfukoni.

Mnataka kujua yaliishaje. Mama aliomba alama yake, daraja la 30, jina na mtumbwi kwa pamoja. Ikatangazwa, siku 60 zikapita, hakuna aliyejitokeza. Hata yule wa mifuko ya bandia hakupinga, nadhani hata jarida halisomi. Cheti kimetoka. Tumepeleka nakala kwa mwenye duka na tumeandika malalamiko Tume ya Ushindani, ambao ndio wanaoshughulika na bidhaa bandia, tukiambatanisha mfuko halisi na ule wa kuiga. Mwenye duka ameitoa mifuko. Nimeambiwa maduka mengine mawili bado wanayo.

Kuna mteja wa Unguja naye ameanza kuulizia, na hapo nimemwambia mama asubiri kwanza. Cheti cha BRELA ni cha Tanzania Bara. Zanzibar wana wakala wao wa usajili, BPRA, na akitaka jina lake lilindwe kule ni lazima aombe kule. Vivyo hivyo kwa mnaovusha mchele kwenda Karonga: ukishavuka daraja la Songwe, cheti chako kinabaki upande huu.

Alhamisi nitakuwepo ofisi ya kata kuanzia saa tatu asubuhi. Mwenye NIDA na jina alilolifikiria aje tukalitafute kwenye mtandao wa BRELA kama limeshachukuliwa na mtu, kuangalia si pesa. Njooni na majina mawili matatu, kwa sababu la kwanza mara nyingi unakuta lina mwenyewe. Na wale wa kakao, wiki ijayo ni ugonjwa wa maganda kuwa meusi. Mwenye ganda lililoathirika aniletee, lakini alifunge vizuri kwenye mfuko, asipite nalo kwenye mashamba ya wenzake.